Mswada Nao Wahitaji Wakala

Wako wasemao kwamba kizuri chajiuza, na riwaya njema haikosi mchapishaji. Usemi huo ni wa dukani. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Riwaya zake Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka mwaka 1968, mwenyewe yu kaburini. Ikiwa kazi za bingwa zilingoja hivyo, mwandishi mchanga angoje hadi lini?

Tazameni Tunduma. Shehena iendayo Zambia ina wakala wa forodha wa kuipitisha mpakani. Lakini mama wa Chapwa aandikaye usiku, watoto wakisha kulala, hana wakala wa kuufikisha mswada wake kwa wachapishaji wa Dar es Salaam. Na nauli ya kwenda mwenyewe ni unga wa wanawe.

Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa mwaka 2022, imefungua mlango. Mlango mmoja hauwatoshi waandishi wa taifa zima. Ndugu walimu, nanyi wanafunzi, isomeni miswada ya jirani zenu, isahihisheni, iandikieni barua za kuisindikiza. Taifa liipatialo saruji wakala na kuinyima fasihi yake limepotosha mizani.