Nusu kwa Baba, Nusu kwa Mama?

Msomaji kijana, umefundishwa ya kwamba mtoto hurithi nusu kwa baba na nusu kwa mama, na kwamba urithi wote umo katika kiini cha seli. Kanuni hiyo ni njema, lakini neno "wote" si kweli, na sisi walimu tulitamkao bila haya twawafanyia hiana wanafunzi wetu.

Shahidi wangu ni mwani wa kijani wa seli moja, uitwao klamidomonasi. Una pande mbili za kuzaa. Wataalamu huziita kujumlisha na kutoa, maana zalingana kwa umbo hata huwezi kutambua dume na jike. Mwaka 1954 Ruth Sager wa Marekani alieleza habari za seli zisizouawa na dawa ya streptomisini. Alipoziunganisha na seli dhaifu, sifa hiyo haikugawanyika. Ikiwa kwa mzazi wa kujumlisha, karibu watoto wote waliirithi. Ikiwa kwa mzazi wa kutoa, ilipotea. Jeni yake haimo katika kiini, bali katika kloroplasti, kile kiungo cha kijani kitengenezacho chakula kwa nuru.

Je, alishukuriwa? Wengi walikiona ni kioja tu, kisichostahili kutikisa kanuni. Sager alipata udaktari mwaka 1948. Uprofesa hakuupata mpaka 1966. Naye alikuwa mwanamke, jambo lililofunga milango mingi siku zile.

Seli zikiisha kuungana, DNA ya kloroplasti ya mzazi wa kutoa huharibiwa kwa muda wa saa chache, ya mwenziwe ikasalimika. Mwaka 1972 Sager alinena kwamba kinga yake ni alama za methili, yaani kaboni moja na haidrojeni tatu, zibandikwazo na kimeng'enya kama chapa juu ya ng'ombe. Wazo zuri, lakini nalo usilimeze zima! Mwaka 1982 ilielezwa klamidomonasi yenye chapa tele pande zote mbili, na urithi ukabaki wa upande mmoja. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walikitia kimeng'enya hicho katika upande wa kutoa, na jeni zake zikapona kuliko kawaida. Kesi ingali barazani.

Utasema, ya mwani yanihusu nini? Mitokondria za seli zako zina jeni 37 nje ya kiini, nazo umezipata kwa mama yako. Muulize mwalimu wako, kwa adabu, nusu ya baba i wapi hapo.