Mwanajeshi mdogo naye ana jina

Jenerali Peter Cirimwami, gavana wa Kivu ya Kaskazini, alipofariki Januari 2025 kwa majeraha ya vita, nchi nzima ililisikia jina lake. Ilikuwa haki yake. Lakini vijana waliokufa katika mapigano hayohayo, majina yao yamesomwa wapi?

Novemba 2022 Rais Félix Tshisekedi aliwaita vijana waingie jeshini. Hapa Goma waliitika wengi: wasukuma chukudu, wabeba mizigo, vijana waliomaliza shule wakakosa kazi. Sura kama hizo tunaziona kila asubuhi bandarini Kituku, mitumbwi ya Minova inapofika. Walipopanda magari ya jeshi walipigiwa makofi. Mshahara wa mwanajeshi wa kawaida ulikuwa karibu dola 100 kwa mwezi. Wazungu wa Romania waliokodiwa kusaidia jeshi walilipwa maelfu ya dola, na mji ulipoanguka walivushwa mpaka wa Gisenyi, wakarudi kwao.

Kijana wetu alibaki. M23 waliingia Goma tarehe 27 Januari 2025. Umoja wa Mataifa ulitaja maiti karibu 2,900. Msalaba Mwekundu ulizika usiku na mchana, na wengi walizikwa bila kutambuliwa. Tarehe 30 Aprili, mamia ya wanajeshi na polisi waliokuwa wamejihifadhi kwa MONUSCO walianza kusindikizwa kwenda Kinshasa. Familia nyingi zilisubiri simu. Kwa baadhi yao, simu haijalia hadi leo.

Mama wa namna hiyo afanye nini? Akiweka matanga, anaogopa kumzika mtoto aliye hai. Asipoweka, moyo haupoi. Mke hajui kama ni mjane. Na wengine wanalia ndani kwa ndani, nyumba isije ikaitwa nyumba ya askari.

Kuna watakaosema: askari haohao walitusumbua, wakatupora hata kambini. Ni kweli yalitokea, na wakimbizi wa ndani hawajasahau. Aliyekosa ahukumiwe. Lakini hata kumhukumu mtu kunahitaji jina lake. Jeshi lisilojua nani amekufa haliwezi kujua nani ameiba.

Kijana aliandikwa siku alipoingia jeshini. Basi aandikwe pia siku alipokufa, na nyumbani kwao wapewe habari kwa mdomo wa mtu, pamoja na haki za mjane na yatima. Serikali iliyojua kumwita isishindwe kumtaja.

Wakati tunangojea hilo, familia isikae na mzigo peke yake. Msalaba Mwekundu unasaidia kutafuta watu waliopotea vitani. Nendeni na jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, picha, na mahali alipopigia simu mara ya mwisho.