Tangazo ni la Mwenye Duka, si la Mashine

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya kweli, lakini si kila fundi aliyefaidi ukweli wake. Seremala wa Keko mwenye kabati zuri katika kibanda kilichofichwa na vibanda vya wenziwe, na mchonga vinyago wa Mwenge asiyejua Kiingereza cha kumwandikia mnunuzi wa ng'ambo, wote wawili wanajua kwamba kizuri kisichojulikana hukaa kikila vumbi. Kwa muda mrefu kujulikana kumekuwa haki ya mwenye fedha, yule awezaye kulipia ubao mkubwa wa barabarani, dakika za redioni, na wataalamu wa kumtungia maneno.

Ndiyo sababu hatuwezi kuipuuza habari ya akili mnemba. Tangu Novemba 2022, kampuni ya Marekani iitwayo OpenAI ilipoifungulia dunia programu yake ya ChatGPT, na nyingine za namna hiyo zikafuata, mtu mwenye simu na intaneti aweza kuagiza maneno ya tangazo, barua ya mteja au picha, akavipata kwa dakika chache, pengine bila ya kulipa hata senti. Kazi iliyokuwa ya ofisi za ghorofani sasa yaweza kufanywa juu ya benchi la fundi. Sisi twasema kwamba jambo hili ni jema, na mfanyabiashara mdogo asilikimbie. Lakini twasema pia kwamba jembe halina macho: humlimia ajuaye kulishika, na humkata mguu asiyejua.

Kwanza yafaa tukielewe chombo chenyewe. Programu hizi zimefundishwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yao ni kukisia neno lipi lifuate neno lipi. Hazijaliona kabati la Keko. Hazijui kama ni la mninga au la mbao laini, wala hazijui bei yake. Usipoziambia hazinyamazi, bali hutunga. Zaweza kumwahidi mteja dhamana ya miaka kumi hali fundi mwenyewe hakuahidi hata mwezi. Kwa hiyo anayetaka kuzitumia hana budi kuzipa ukweli wote kwanza: ni bidhaa gani, imetengenezwa kwa nini, bei yake ni kiasi gani, yapatikana wapi, na anayetafutwa ni mnunuzi wa namna gani. Kisha asome kila neno kabla ya kulitoa, na alifute lile asiloweza kulitetea mbele ya mteja.

Yaliyotokea Glasgow, katika nchi ya Uskoti, Februari 2024, ni funzo kwetu. Watu walitangaza tamasha la watoto lenye mambo ya chokoleti, wakalipamba tangazo kwa picha za ajabu zilizotengenezwa na akili mnemba. Tiketi zilifika pauni 35. Wazazi walipofika na watoto wao walikuta ghala karibu tupu lenye mapambo machache ya kuhuzunisha. Polisi waliitwa, na tamasha likafungwa siku ile ile. Wazazi hawakudai fedha zao kwa mashine. Walizidai kwa wenye tamasha.

Mwezi huo huo, huko British Columbia katika nchi ya Kanada, baraza la kuamua madai madogo liliamuru shirika la ndege la Air Canada limlipe abiria aliyepotoshwa juu ya nauli na programu ya kujibu maswali katika tovuti ya shirika hilo. Shirika lilijaribu kujitetea kana kwamba programu ile ni mtu wa mbali anayejibu kwa matendo yake mwenyewe. Baraza lilikataa. Ikiwa shirika kubwa la ndege halikuweza kumsingizia mashine, muuza viatu wa Kariakoo atawezaje? Shirika hulipa na kuendelea kuruka. Mchuuzi akipoteza jina lake mtaani amepoteza mtaji wote.

Jambo la pili ni siri za wateja. Daftari lenye majina, nambari za simu na madeni ya watu si mali ya kumwagwa ndani ya programu ya kampuni ya ng'ambo ili ipange nani atumiwe ujumbe gani. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika Mei 2023. Hata pasingekuwa na sheria, mama aliyekopa khanga kwa siri hakumpa mwenye duka ruhusa ya kuitangazia dunia.

Jambo la tatu ni lugha. Maandishi ya Kiswahili yaliyomo katika mitandao ni machache mno yakilinganishwa na ya Kiingereza, na ndiyo sababu mara nyingine mashine hutoa Kiswahili kikavu, kilichonyooka kama rula, ambacho hakuna muuzaji aliyepata kukitamka. Mteja wa Tandale au wa Ngamiani hukisikia kuwa ni cha mgeni. Mashine na iandike rasimu. Lakini sauti iwe ya mwenye duka.

Wapo watakaotuuliza: je, mpiga picha wa mtaani, mchora mabango na kijana anayejipatia riziki kwa kutunga matangazo, watakula nini? Swali hili ni la haki, wala hatutalijibu kwa maneno matamu. Baadhi ya kazi zao zitapungua. Lakini picha ya kabati lililopo kweli haiwezi kupigwa na mashine isiyoliona, na tangazo la kweli lahitaji picha ya kweli. Mwenye duka na amwite mpiga picha, na mchora mabango ajifunze chombo hiki kabla hakijatumiwa dhidi yake.

Wala tusidhani kwamba mashine hii haina jasho la mtu ndani yake. Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilieleza jinsi wafanyakazi wa Nairobi walivyokuwa wakisoma na kupanga maandishi machafu na ya kutisha, ili programu za OpenAI zifundishwe kuyaepuka, kwa ujira wa chini ya dola 2 kwa saa. Wafanyakazi wenzetu wamekwisha kulipa sehemu ya gharama ya chombo hiki. Ingekuwa aibu iliyoje kama faida yake ingewaendea wakubwa peke yao!

Kwa hiyo twatoa shauri. Mtu mmoja mmoja akijifunza gizani atajikwaa. Vyama vya ushirika, vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, na masoko, viwachague vijana wao wanaokijua chombo hiki wawafundishe wengine jioni, kwa Kiswahili. Shirika la SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na halmashauri zetu, yawapasa kulihesabu somo hili kuwa sehemu ya kazi yao. Seremala watano wakinunua kwa pamoja kile asichoweza kukinunua mmoja, na wakasahihishana matangazo yao, hapana mashine itakayowadanganya kwa urahisi.

Ndugu zetu, chombo kimekuja na hakitarudi kilikotoka. Tukishike, lakini tukishike kwa mpini. Kila tangazo litokalo dukani, liwe limeandikwa kwa kalamu au kwa mashine, ni ahadi, na anayeijibia ahadi hiyo ni yule ambaye jina lake limeandikwa juu ya mlango.