Majeraha ya uti wa mgongo: Kompyuta yaonyesha pigo si moja

TANGU mwaka 1911, daktari Mmarekani Alfred Allen alipojeruhi uti wa mgongo wa mbwa kwa kuangusha uzito, maabara nyingi zimejaribu tiba kwa wanyama waliopigwa namna hiyo. Lakini katika ajali za barabarani, pingili huweza pia kuteguka na kuubana uti.

Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walilinganisha majeraha hayo mawili ya panya kwa kompyuta. Ilibainika kuwa uti huharibika zaidi palipovutika zaidi.

Hivyo, dawa iliyomfaa panya aliyepigwa huenda isimfae binadamu aliyeteguka. Shirika la Afya Duniani linakadiria majeruhi wa uti kuwa zaidi ya milioni 15. Kabla ya kuwapa matumaini, mtafiti hana budi kueleza ametibu jeraha lipi.