Mzigo Uingiao Nyumbani

Askari arudiye Nkoma, mjini Mbale, baada ya miezi mingi ya ulinzi huutua mkoba wake mlangoni. Mzigo mwingine huingia nao ndani. Mkewe huutambua usiku, mumewe akaapo macho hali taa imekwisha kuzimwa. Mara nyingi mzigo huo ni chuki, nayo hulemea kuliko uchovu.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi aliujua. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe, Mera, walivuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Uhamishoni uchungu ulimzidi hata kusali kukawa kugumu. Ndipo, akiwa kanisani London, alipokumbuka kwamba Yesu msalabani aliwaombea waliomsulubisha, akaona kuwa hana ruhusa ya kumbagua Amin. Akasamehe. Mwaka ule ule alitoa kitabu ambacho jina lake la Kiingereza, kwa mshtuko wa wengi, lina maana ya "Nampenda Idi Amin".

Hakuyaita mauaji haki, wala hakuacha kuyashutumu. Jambo hilo wahubiri wengine hulipita upesi mno.

Kivengere alikuwa mtu wa Balokole, ambao desturi yao ni kuungama mbele ya wenzao badala ya kuficha. Mke wa askari aweza kuanzia hapo: amwulize mumewe polepole, kisha asali naye kwa maneno machache, hata kama usiku wa kwanza mume hajibu neno.