Bunduki ya mchezo na bunduki ya mtaani

Mwaka 2000 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa Silent Scope 2, mwendelezo wa mchezo wa mdunguzi uliotoka 1999. Mchezaji anashika bunduki ya bandia iliyofungwa kwenye mashine, anachungulia darubini yenye skrini ndogo ndani, anawalenga magaidi na kuokoa mateka. Akishindwa, anatia sarafu nyingine na kuanza upya.

Mwaka huohuo Bukavu ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD. Leo watoto wetu wa Cimpunda wanacheza michezo ya aina hiyo kwenye simu, na sisi wazazi tunabishana kama tuwanyang'anye. Mimi siilaumu simu. Mtoto wa huku hakufundishwa mlio wa risasi na Wajapani.

Kinachonitisha ni Februari 2025. Wanajeshi waliokimbia mji waliacha silaha, na watoto wakaziokota. Tarehe 18 mwezi huo Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema imethibitisha visa vya watoto kuuawa na M23 baada ya kundi hilo kuingia Bukavu, na kwamba kulikuwa na watoto wenye silaha. Hao hawakuwa na sarafu ya pili.

Basi mzazi, kabla ya kuficha simu, mwambie mwanao waziwazi: ukikuta bunduki, risasi au bomu, usiguse, rudi nyuma, ita mtu mzima. Mwambie leo, na mtoto wa jirani pia, maana wanacheza pamoja.