Mgonjwa si wa kujaribishia programu

Nimeadimika, zamu za usiku zimenibana. Leo nina dukuduku.

Mdogo wangu mmoja huko nyumbani yuko kwenye timu inayotengeneza mfumo wa hospitali kwa programu huria. Nikamuuliza: mkibadilisha kitu, mnajuaje hamjaharibu kingine? Akanijibu, "Dada, manesi wakiona tatizo watatupigia."

Eti tutawapigia! Nesi atajuaje kuwa mfumo umekokotoa dozi ya mtoto kwa uzito wa mwaka jana? Wodi imejaa, anaamini kilichoandikwa kwenye skrini. Dawa ya hatari tunaikagua watu wawili kabla haijamgusa mgonjwa, hatusubiri ndugu zake walalamike. Sasa programu inayotuambia kiasi cha dawa hiyo inapitaje bila kukaguliwa?

Njia ipo na si siri. Unaandika majaribio madogo madogo: mtoto wa kilo 12 apewe kiasi hiki, uzito usipojazwa, mfumo ukatae. Kisha kila mtu akigusa msimbo, hata herufi moja, kompyuta inajenga mfumo upya na kurudia majaribio yote yenyewe. Likifeli moja, badiliko halipiti. Basi.

Huku Stockholm yupo Daniel Stenberg, mwenye curl, programu huria ya kuhamishia data mtandaoni iliyopata jina hilo mwaka 1998. Leo imo kwenye simu na magari. Ukimpelekea badiliko moja, kazi zaidi ya 100 za kulipima zinaanza zenyewe, uwe profesa au mwanafunzi wa Mbeya. Na bado mwaka 2023 lilifichuka kosa kubwa la usalama lililojificha humo tangu 2020. Msinirukie! Lilirekebishwa, akaeleza hadharani lilivyompita, na likaongezwa jaribio la kulinasa lisirudi. Asiye na majaribio hata hilo la pili hawezi.

Wala msiniambie haya ni ya Wazungu. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza 2004 na mwaka 2006 ukawashwa Eldoret, Kenya. Wenyewe una majaribio yake yanayojiendesha. Mdogo wangu na wenzake wakauchukua, wakabandika sehemu zao za bima na ripoti, na hizo sehemu hazina jaribio hata moja!

Anasema wafadhili hawalipii. Hapo nakubaliana naye, mfadhili anataka picha ya kukata utepe. Ila mashine si kisingizio: mradi ukiwa wazi, GitHub inaendesha majaribio bure. Kinachogharimu ni muda wa mtu kuyaandika, na muda huo hauonekani kwenye bajeti kwa sababu hakuna anayeudai.

Basi wizara na wafadhili waudai. Mkataba unaofuata uwe na kifungu: matokeo ya majaribio yawekwe wazi kila mtu ayaone, na yasipopita, malipo yasitoke.